Jarida halitawalisha, litawaletea wateja: jibu kutoka Lamu

Dadangu, umeuliza kama wewe na mumeo mwaweza kuacha ajira hapo Malindi, muandike jarida la barua pepe kuhusu mji wenu, na liwalishe. Ukauliza tena, na nadhani hili ndilo likukeralo zaidi, kama mke na mume waweza kufanya kazi nyumba moja kutwa kucha bila kuchokana. Sisi twaishi hivyo Lamu, basi nakwambia ya kwetu.

Kwa jarida peke yake, hapana. La kwetu hutoka kila Alhamisi usiku na ni la bure. Wasomaji wengi ni watu wa huku walioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni, na wageni waliowahi kupanda mashua ya mume wangu. Kinacholeta unga ni hiyo mashua, na kofia za vito, zile za vitundu vidogo vya kushonwa kwa mkono, ninazokusanya kwa washonaji wa mtaani na kuwauzia walio mbali. Kazi ya jarida ni kumkumbusha mtu aliyeko Doha kwamba Idd yaja na kofia yake imefifia.

Msiweke riziki yote upande mmoja, hasa pwani hii. Mwaka 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni, mji wa kaunti yetu, ilitolewa amri ya kutotoka usiku. Wavuvi wa usiku wakakosa kazi, wageni wakakatika, mashua zikalala. Mwaka 2020 ikaja korona, yakawa yale yale. Kofia ndizo zilizotuvusha, maana mnunuzi wake hahitaji kupanda ndege kuja Lamu.

Lakini biashara mbili zina misimu miwili, na hapo ndipo nyumba hutikisika. Wageni huja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba. Idd nayo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na kofia ya vito vingi huchukua miezi kushonwa, kwa hiyo oda za Idd zatakiwa kushikwa mapema sana. Washonaji nawabana wakati ule ule ambao mume wangu yuko baharini toka asubuhi. Anarudi na chumvi mwilini, anataka chakula; mimi nina watu watatu kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, wanaoniuliza uzi. Tulikubaliana kwamba miezi hiyo hatupiki usiku. Viazi vya rojo na mishikaki ya barabarani, tumemaliza. Mama mkwe alinuna kidogo, akazoea.

Alhamisi ndiyo siku yetu ya kubishana, na naipenda. Mimi naandika bei ya samaki sokoni, nani anapangisha nyumba, boti zinazokwenda Pate na Faza, kisha nafika sehemu ya maji. Yeye amekaa dakani na kofia yake mwenyewe mapajani, sindano mkononi, anahesabu mwezi kwa vidole: "Leo mwezi una siku tisa, maji mafu. Andika bamvua itaanza wiki ijayo, yatajaa alasiri." Maji mafu ni yale yajaayo na kupwa kidogo, bamvua ni yale yajaayo na kupwa sana. Mimi nafungua jedwali la maji la Mombasa kuhakikisha. Akipatia, na hupatia, hunitazama tu. Sehemu hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote, kwa sababu anayetaka kutembea kwa miguu ufukweni kwenda kijiji cha Shela lazima ajue maji yatakuwa wapi. Nanyi tafuteni kitu cha namna hiyo Malindi, kitu ambacho mtu atakihitaji Ijumaa asubuhi. Habari za "mji wetu mzuri" hazifunguliwi na mtu.

Kuhusu njia ya kutuma: wengi watakwambia WhatsApp yatosha. Orodha moja ya matangazo mle hubeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa wateja wa karibu, sawa. Kwa wengine barua pepe ni bora, lakini nunueni jina lenu la tovuti na mlithibitishe kwa huduma mnayotumia kutuma, kwani tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza na barua zisizothibitishwa huishia kwenye taka au hurudishwa. Wekeni na kitufe cha kujitoa kinachoonekana. Msichukue anwani za watu bila idhini yao. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019.

Pesa, nitasema kifupi. Namba ya kulipia ya biashara iwe mbali na simu zenu. Pesa ya uzi na ya washonaji haiguswi hata mtoto akiwa na ada. Mauzo yakipita shilingi milioni moja kwa mwaka kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo, wala si ya faida, kwa hiyo iingizeni kwenye bei. Na mkishaacha ajira hakuna wa kuwakatia mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali: mtalipa wenyewe, mwaka mzima kwa mkupuo, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Itengeni kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Kuchokana kupo. Kwetu kila mmoja ana jambo ambalo neno lake ndilo la mwisho: bahari ni yake, hata mgeni akitoa pesa nzuri vipi, akisema upepo haufai sibishani. Bei ya kofia ni yangu, hata anayeomba kupunguziwa akiwa binamu yake. Na mumeo akikwambia yeye si mtu wa kuandika, usimlazimishe. Mpe simu ya wateja. Wa kwangu haandiki hata mstari, lakini ndiye ajuaye nani amelipa na nani anatuzungusha.