Nesi jirani yetu anakipita kituo chetu kila alfajiri

SWALI: Shikamoo Bibi. Jirani yangu ni nesi. Kutoka mlangoni kwake hadi kituo cha afya cha kijiji chetu ni dakika tano kwa miguu, lakini kila alfajiri anakipita na kupanda basi kwenda hospitali ya mjini, safari ya karibu saa mbili. Kituoni tuna nesi mmoja tu. Akiugua, tunarudishwa nyumbani. Sijamwuliza jirani yangu, ila moyoni nina kinyongo. Kwa nini asiwahudumie watu wake?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kinyongo hicho nakijua, maana nami niliwekewa. Kwa miaka 11 niliamka saa tisa na nusu usiku, nikatia sare na viatu vya wodini kwenye mfuko, nikakipita kituo cha kwetu kikiwa bado kimefungwa.

Kwanza, uhaba wa nesi si sawa na nafasi ya kazi. Kituo kinaweza kuhitaji wanne huku bajeti ikiruhusu mmoja. Hata jirani yako akibisha hodi kesho, huenda hakuna wa kumwajiri.

Halafu kuna ujuzi. Mimi nililea watoto njiti. Kazi yangu ilikuwa ya inkubeta, kile kisanduku cha kuwatunzia joto, na kijijini haikuwepo hata moja. Vivyo hivyo kwa nesi wa chumba cha upasuaji au wa kusafisha damu ya wagonjwa wa figo: kwao ni pale ilipo mitambo.

Lakini lililonitoa kijijini ni jingine. Kabla ya hospitali nilifanya kazi kituo kidogo, zamu ya usiku, peke yangu. Mama mmoja akajifungua salama, kisha damu ikaanza kumtoka bila kukoma. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya tumbo lake ukisugua mji wa mimba. Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikome, ilikuwa ndani ya friji, upande wa pili wa chumba. Nilimwita mama mkwe wake, nikamshika mkono, nikamwonyesha pa kusugua, nikakimbia. Mgonjwa alipona, nashukuru. Mimi nilitetemeka hadi asubuhi. Nilitaka kazi ambayo nikiita, nesi mwenzangu anaitika.

Mshahara nao umo, sikufichi. Na zamu zenye urefu wa saa 12: ukifanya siku tatu kwa wiki, unasafiri mara tatu tu, siku nyingine uko na wanao.

Utasema, basi si ahamie mjini? Hahami kwa sababu kijiji anakipenda. Wazazi wake wapo pale, nyumba ni yake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu nusu ya watu duniani waliishi vijijini, ilhali walihudumiwa na asilimia 38 tu ya wauguzi. Likapendekeza vyuo vichukue wanafunzi waliokulia vijijini, maana hao ndio wepesi wa kurudi kufanya kazi huko. Jirani yako hana haja ya kurudishwa, tayari anaishi kijijini. Kinachokosekana ni kazi inayomfaa, na mwenzake wa zamu.

Kwa hiyo nenda kwa wasimamizi wa kituo, uwaulize nafasi za wauguzi ni ngapi na ni nani anayeziomba ziongezwe. Kisha siku ya mapumziko yake, mtembelee jirani yako umwulize angehitaji nini ili afanye kazi hapo. Mimi, katika miaka ile 11, hakuna aliyeniuliza.