Jibu: Kurusha video ya mwili sakafuni

Dada, umeuliza urusheje video ya mwili sakafuni kama msanii Mona Hatoum kwenye kazi yake Corps étranger (yaani “mwili mgeni”, 1994), na vivuli vya watazamaji uvifanyeje. Vivuli viache. Hatoum alijenga chumba cha mviringo chenye njia mbili nyembamba, picha ya duara ikiwa chini katikati: kamera ya endoskopi, ile ndogo ya kitabibu ya kuchungulia ndani ya mwili, inatambaa kwenye ngozi yake, kisha inaingia ndani kabisa. Mtazamaji ama ajibane ukutani ama aukanyage mwili wa mwanamke. Ukiihamishia picha hiyo ukutani, unamwondolea uamuzi huo, na kwangu hapo kazi imekufa.

Vipimo sasa. Projekta yenye uwiano wa 1.2 (umbali wa lenzi hadi picha ukigawanywa kwa upana wa picha), lenzi ikiwa mita 3 juu ya sakafu, inatoa picha ya upana wa mita 2.5. Lakini duara linabanwa na kimo cha picha, si upana: kwa picha ya umbo la 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) utapata mita 1.4 tu. Lenzi yenye uwiano wa 0.8 itakupa duara la karibu mita 2.1.

Soma kwanza mwongozo kama projekta inaruhusiwa kuelekezwa chini wima. Projekta nyingi zinazotumia balbu hupata joto kupita kiasi zikikaa hivyo. Weusi wa projekta nao si weusi kamili, kwa hiyo mstatili hafifu wa kijivu utaonekana kuzunguka duara. Paka sakafu ya nje ya duara rangi nyeusi isiyong'aa.

Sauti nayo: mapigo ya moyo, kama yale yanayosikika kwenye kazi ya Hatoum, yanahitaji spika ya besi. Spika ndogo huyameza, ukabaki na mgoto mkavu.