Kabla Hujawasha Moto Shambani, Angalia Visiki

Nilichoma shamba langu miaka minne mfululizo. Nilifyeka vichaka, nikaviacha vikauke wiki kadhaa, nikawasha moto siku upepo umetulia, na jioni nikasimama pembeni nikiangalia eneo jeusi, tupu, tayari kwa kupanda. Mavuno ya mwaka wa kwanza yalikuwa mazuri sana. Hayo ndiyo yaliyonidanganya, kwa sababu niliamini kwamba moto umerutubisha ardhi.

Jivu ni mbolea kweli, ila ni ya muda mfupi. Lina potasiamu, kalsiamu na fosforasi kiasi, tena hupunguza tindikali ya udongo, kwa hiyo mazao ya msimu wa kwanza hustawi. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni na salfa iliyokuwa kwenye majani na matawi huondoka na moshi. Na kama shamba lina mteremko kama langu, mvua kubwa ya kwanza hulizoa hilo jivu. Mwaka wa tatu mavuno yalishuka na palizi ikaongezeka.

Hata hivyo kilichoniuma zaidi ni mimea ya porini iliyopotea mbele ya macho yangu.

Mwaka wa pili niliburuta magogo yote nikayarundika mahali pamoja ili yateketee. Yaliwaka usiku kucha, na kesho yake mchana ukisogeza mkono bado joto lilikupiga. Udongo chini ya lundo ulibadilika ukawa mwekundu kama tofali, na nilipoufikicha ulikuwa unga mtupu, hauna hata uzi mmoja wa mzizi. Misimu miwili ya mvua ilipita hakijaota kitu pale. Hatua chache tu pembeni, ambako moto ulipita haraka juu ya majani makavu, machipukizi yalitoka mara tu mvua iliponyesha.

Sababu ni kwamba udongo mkavu haupitishi joto kwa urahisi. Moto wa nyasi ukipita haraka huunguza sentimita chache za juu. Mbegu zilizolala juujuu na miche michanga hufa, maana sehemu hai za mmea haziwezi kustahimili joto la nyuzi 60 hivi kwa muda. Mizizi mirefu na vitunguu vya maua ya porini vilivyofukiwa chini husalimika. Moto wa magogo ni jambo jingine kabisa. Unakaa saa nyingi, joto linazama, na unaua mbegu, mizizi, na hata kuvu wanaoishi kwenye mizizi wakiisaidia miti kupata fosforasi. Kwa hiyo nakusihi: usirundike magogo. Yaache yaoze yalipoanguka, au yalaze kukingama mteremko yazuie udongo.

Kosa langu la pili lilikuwa kurudia moto kila mwaka. Wakulima wa kilimo cha kuhamahama walilima miaka miwili au mitatu, kisha wakaliacha shamba lipumzike hata miaka 15 au zaidi. Siwalaumu hata kidogo. Katika muda huo visiki vilichipua, ndege na popo walileta mbegu, na kivuli kiliua nyasi. Sasa ardhi imekuwa finyu na mapumziko yamefupishwa sana, wengine hawapumzishi kabisa. Kisiki huchipua kwa chakula kilichohifadhiwa kwenye mizizi. Ukichoma machipukizi kabla hayajarudisha akiba hiyo, mwaka unaofuata kinachipua kinyonge zaidi. Kwenye kona moja ya shamba langu visiki vilivyochipua kwa nguvu mwaka wa kwanza vilikuwa vingi. Mwaka wa nne vilivyobaki hai havikuzidi vidole vya mkono mmoja.

Wanaotangulia kupotea ni miti ambayo mbegu zake hazidumu udongoni, pamoja na okidi na mimea mingine inayoishi juu ya matawi. Mti ukiangushwa, nayo imekwisha. Nafasi yao huchukuliwa na nyasi kama Imperata cylindrica, ambazo vikonyo vyake vya chini ya ardhi huvuka moto salama na majani yake makavu hushika moto upesi tena.

Siku hizi, kabla ya kufyeka, nazunguka shamba na vipande vya kitambaa chekundu. Nafunga kila kisiki kinachochipua na kila mti mkubwa unaotoa mbegu. Usidharau kitambaa: unayempa panga akusaidie hawezi kusoma mawazo yako, atafyeka vyote. Kwenye kila kisiki nabakiza machipukizi matatu yaliyonyooka na kupogoa matawi ya chini ili mazao yapate mwanga. Majani niliyofyeka nayatandaza kama matandazo. Kwa njia hii hasa, mtaalamu wa kilimo Tony Rinaudo kutoka Australia na wakulima wa Niger walianza kurudisha miti miaka ya 1980, baada ya kugundua kwamba vichaka vilivyodharauliwa vilikuwa visiki hai. Hekta zipatazo milioni 5 zilipata miti tena, karibu bila kupanda mche.

Kama huna budi kuchoma, sambaza majani yawe tabaka jembamba, safisha ukanda mpana kuzunguka eneo lote, choma asubuhi, uwe na maji na watu karibu. Ukanda wa kando ya kijito usiuguse. Anza na kona moja msimu huu, hasa ile yenye visiki vingi, maana huko ndiko utakakoona mabadiliko mapema.

Pale penye udongo mwekundu nimekuwa nikimwaga majani yaliyooza kila msimu. Nyasi zimesharudi. Mti bado.