Shati la Bangladesh
Swali: Mhariri, nasikia washonaji wa Bangladesh wananyonywa sana, nikiacha kununua nguo zao si ntakuwa nimewasaidia?

Jibu: Ndugu yangu, oda zikikatwa wa kwanza kufukuzwa ni yule dada wa cherehani. Wenyewe wanadai mshahara wa maana na usalama. Kumbuka Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo huko Savar, Bangladesh, nyufa zilionekana Aprili 23, 2013, benki iliyokuwemo humo ikaondoa watu wake ila washonaji kesho yake wakaamriwa warudi kazini, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara, jengo likaporomoka wakafa zaidi ya 1,100, inauma jamani! Baadaye makampuni mengi yakasaini mkataba wa usalama na vyama vya wafanyakazi, so iulize kampuni ya shati lako, tena hadharani, kama ilisaini na washonaji wake wanalipwa shilingi ngapi.