Ya kutisha bila damu: Lake Mungo

Mkuu, kama damu na utumbo vinakuchefua ila bado unataka muvi ya kukukosesha usingizi, tafuta Lake Mungo ya Joel Anderson, Australia, 2008. Kwenye vibanda vya muvi huku Kirumba, Mwanza, sijaiona hata siku moja, wala DJ wa kuitafsiri, itabidi uipakue. Imetengenezwa kama makala ya televisheni: binti wa miaka 16, Alice Palmer, anazama bwawani akiogelea na familia yake, kisha nyumbani vinaanza vishindo usiku. Kaka yake anatega kamera. Hakuna anayekimbizwa na panga. Unaonyeshwa tu picha tuli, kamera inaisogelea kona yenye giza taratibu, na wewe unakodoa macho kutafuta kuna nini pale. Sisi wa kando ya ziwa, habari za mtu kuzama tunazijua, kwa hiyo inauma zaidi. Mwanzo inajikongoja, vumilia. Kuna kipande kilichorekodiwa kwa simu usiku, hicho sikuelezi. Halafu majina yakianza kupita mwishoni usizime, bado kuna picha za kuangalia.