Je, vijana wa Kiarabu wanaiacha dini?

SWALI: Mhariri, mwaka 2019 nilisoma kuwa vijana wa nchi za Kiarabu wanaiacha dini. Miaka michache baadaye nikasoma kuwa wanairudia. Nishike lipi?

JIBU: Habari zote mbili chimbuko lake ni moja: Arab Barometer, mtandao wa watafiti ulioanza 2006, unaohoji maoni ya wananchi wa nchi za Kiarabu kwa awamu. Katika awamu ya 2018–2019, waliosema “si watu wa dini” walifika asilimia 13, kutoka 8 mwaka 2013. Kwa walio chini ya miaka 30 ilikuwa 18. Awamu ya 2021–2022 ikawakuta vijana wa nchi kadhaa wakiegemea tena dini.

Kabla ya kushika lolote, soma swali waliloulizwa. Mtu hujitaja mwenyewe: ni wa dini, wa dini kiasi, au si wa dini. Hakuna aliyeulizwa kama ameuacha Uislamu au Ukristo. Kijana anayefunga Ramadhani nzima lakini swala zinampita anaweza kujiweka fungu la mwisho, na magazeti yakamhesabu kuwa ameiasi dini. Kwa hiyo tafuta pia maswali ya vitendo: anaswali mara ngapi, anasoma Kurani au Biblia mara ngapi. Hayo ndiyo ya kuaminika zaidi, ingawa nayo hayakosi chumvi: utafiti wa Cairo uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa wanawake Waislamu walijieleza kuwa wacha Mungu zaidi pale aliyewahoji alipovaa hijabu.

Halafu piga hesabu. Nchi moja ikihoji watu 2,400, kosa la kubahatisha, yaani tofauti inayoletwa na kuhoji wachache badala ya wote, ni kama pointi 2 juu au chini. Ukiwatenga vijana 800 kati yao, linafika 3.5. Basi pointi tatu zikipanda au kushuka miongoni mwa vijana hao, usizijengee nyumba. Wala usichanganye wastani wa kanda na nchi moja. Tunisia na Yemen haziwekwi chungu kimoja.

Siasa ni fungu jingine kabisa. Wapo wanaoswali tano zote na bado hawataki shehe awaelekeze kura. Ripoti ikikupa takwimu ya ibada kisha ikakuhitimishia habari ya vyama vya Kiislamu, dai kwanza jibu la swali hili: viongozi wa dini waingilie maamuzi ya serikali, ndiyo au hapana?