Usisalimishe draivu za tepu kabla hujarejesha data yote kutoka maktaba pepe

Mleta mada, ahirisha kuziondoa hizo draivu, yaani mashine zinazoandika na kusoma tepu zenu za nakala. Umeeleza kwamba kampuni yenu inahama kutoka maktaba ya tepu kwenda maktaba pepe, kwamba muuzaji ameahidi kubana data kwa uwiano wa 20 kwa 1 (terabaiti 20 zikae kwenye nafasi ya terabaiti 1), na kwamba vifaa vya zamani vitachukuliwa siku ileile mfumo mpya utakapowashwa. Kisha ukauliza mnunue ukubwa gani, muunganishe kwa mtandao wa aina gani, na leseni zihesabiwe vipi. Maswali yote matatu ni ya upande wa kuhifadhi. Hukuuliza itachukua muda gani kurejesha kila kitu siku ambayo seva kuu itakuwa tupu, na sisi, tulipohama hivyohivyo, hatukuuliza pia.

Maktaba pepe ni mfumo wa diski unaojifanya tepu mbele ya programu ya kuhifadhi nakala, kwa hiyo hatukulazimika kubadili ratiba hata moja, na kazi za usiku zikawa zinakwisha mapema ajabu. Niliandaa hata wasilisho lenye michoro ya rangi kuusifu mradi, na naomba Mungu faili hilo lisirejesheke kamwe. Kisha kidhibiti cha diski za hifadhidata kikaharibika na kuvuruga kila kilichokuwa chini yake. Tukaanza kurejesha. Mwendo ulianza vizuri, ukashuka, ukashuka tena, hadi asilimia kwenye skrini ikawa inaganda kwenye namba moja muda wa kutosha mtu kwenda kula, kurudi, na kuikuta palepale.

Mfumo haukuwa mbovu. Ulikuwa ukifanya ulichoundwa kufanya. Teknolojia ya kuondoa marudio huikata data vipande vidogo, hukokotoa alama ya kila kipande, na kipande ambacho alama yake imo tayari kwenye faharasa hakiandikwi tena bali huelekezwa kwa kile cha zamani. Nafasi inaokolewa kweli. Lakini nakala ya jana usiku, ambayo ndiyo utakayoihitaji, inakuwa imeundwa na vipande vilivyoandikwa nyakati tofauti na kutawanyika diski nzima, na kuisoma ni sawa na kusoma barua ambayo kila neno lake limeachwa nyumba tofauti mtaani. Tepu haina tabu hiyo, kwa sababu ikishafika mahali pake husoma moja kwa moja. Piga hesabu mwenyewe: terabaiti 40 kwa megabaiti 400 kwa sekunde huchukua takriban saa 28, ilhali kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya siku 4 na nusu. Mweleze mkurugenzi wako tofauti hiyo sasa, akiwa bado ametulia.

Mshauri aliyetuuzia mfumo alikuja na namba za kasi ya kuandika peke yake. Alipoulizwa kuhusu kasi ya kusoma alijibu kwamba inategemea, na kweli ilitegemea nani angekuwa zamu siku hiyo, ambaye hakuwa yeye. Naye alikuwa na 20 kwa 1 yake, lakini hatukuikaribia, kwa kuwa nakala zetu za hifadhidata zilikuwa zikisimbwa (kugeuzwa msimbo wa siri) kabla ya kutumwa, na data iliyosimbwa vizuri haina marudio ya kuondoa. Hilo angelijua kwa kuuliza swali moja, lakini nadhani hakutaka kulisikia jibu.

Wanaojiandaa kunicheka wakumbuke kwamba tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu msimbo wao, walifuta hifadhidata yao kuu kwa bahati mbaya, wakagundua kwamba nakala zao za kila siku zilikuwa zikishindikana kimyakimya kwa sababu zana ya kuzitoa ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe. Waliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio, kwa kazi tofauti kabisa. Na wanaoidharau tepu wakumbuke kwamba mwaka 2011 Google walirejesha barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail kutoka kwenye tepu, baada ya hitilafu ya programu kuathiri nakala zilizokuwa mtandaoni.

Kwa hiyo, kwangu mimi, nakala ambayo haijawahi kurejeshwa yote bado si nakala. Chukua hifadhidata yenu kubwa kuliko zote, irejeshe kwenye seva tupu, na upime muda hadi watumiaji waweze kuingia kwenye mfumo, si hadi faili lishuke tu. Usifanye jaribio hilo wiki ya kwanza, wakati vipande bado vimekaa pamoja na kila kitu kinakimbia. Subiri mfumo upitie mizunguko kadhaa ya kuandika na kufuta. Muda wote huo draivu zibaki zimeunganishwa, maana tepu za kabatini hazisomwi na draivu yoyote utakayoazima: draivu ya LTO-8 (kizazi cha nane cha tepu za aina ya LTO), kwa mfano, haisomi tepu ya LTO-6, ya kizazi cha sita. Na kwenye mkataba andika kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya jaribio hilo kufaulu ndani ya saa mlizokubaliana, muuzaji mwenyewe akiwepo. Akigoma kutia saini kipengele hicho, tafuta muuzaji mwingine.